Kwa nini kunakili DVD ya video kunadai nafasi kwenye diski kuu wakati diski tupu ninayo mkononi?

Chembe_Chembe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina DVD ya video, kumbukumbu ya sherehe ya familia, si filamu ya kununua. Nataka nakala moja nimpe dada yangu. Kompyuta ina draivu moja ya DVD, diski tupu ipo, programu ya kuchomea (kuandikia diski) ipo. Nikibonyeza "nakili diski" inagoma, inasema nafasi ya muda haitoshi kwenye C, yaani diski kuu. Kweli C imebaki na kama GB 3.

Swali langu si namna ya kusafisha C, hilo nitalifanya. Nauliza kwa nini. Data inatoka kwenye diski inaenda kwenye diski, kompyuta ni njia tu. Njia nayo inadaije pa kulaza mzigo mzima?

Mtaa_wa_Pili

Draivu ni moja mkuu. Itasoma hii na kuandika ile kwa wakati mmoja vipi?

Chembe_Chembe

Hiyo nimeielewa. Lakini si ingesoma kidogo, nitoe, niweke tupu, iandike kidogo, nirudishe ya kwanza? Niko tayari kubadilisha hata mchana kutwa.

Leza_Nyekundu

Hapo kwenye "iandike kidogo" ndipo penye mzizi wa swali lako, ndugu.

Enzi za flopi jambo hilo lilifanyika kabisa. Mashine yenye draivu moja ilisoma kiasi kilichoingia kwenye memori, ikakwambia weka ya pili, ikaandika, ikakwambia rudisha ya kwanza. Flopi ilikubali kwa sababu unaweza kuandika kipande popote, ukaitoa, ukairudisha baadaye na kuendelea.

DVD-R haiko hivyo. Data yote inakaa kwenye mstari mmoja wa mzunguko unaoanzia karibu na tundu la katikati na kutanuka kwenda nje. Leza inaunguza tabaka la rangi lililo ndani ya plastiki, na palipoungua hapafutiki. Tena, ili diski ya video isomwe na deki nyingi iwezekanavyo, huandikwa kwa mkupuo mmoja: eneo la utangulizi, data yenyewe, halafu eneo la kufungia. Draivu za sasa zinaweza kusita kidogo na kuunga pale zilipoachia, lakini diski ikiwa humo humo ndani inazunguka. Ukiichomoa katikati ya kazi hiyo, usitegemee kurudi kumalizia.

Kwa hiyo programu inataka mzigo wote uwe mikononi mwake kabla leza ya kuandika haijawashwa. Pa kuushika ni diski kuu.

Sauti_ya_Jogoo

Mimi naona ni uvivu wa watengenezaji wa programu. Zamani tulinakili VHS kwa deki mbili na waya katikati. Hakuna deki iliyowahi kusema haina nafasi.

Leza_Nyekundu

Mfano mzuri, lakini tazama jinsi zile deki mbili zilivyokuwa zinafanya kazi. Mkanda wa saa moja ulichukua saa moja, na kanda zote mbili zilikwenda kwa mwendo uleule. Picha ikichafuka upande wa kwanza, upande wa pili ulirekodi uchafu huohuo na kuendelea mbele bila kuuliza. Deki ya pili haikuwahi kukaa ikisubiri.

Draivu ya DVD inaandika kwa mbio, na mbio hizo zinataka kulishwa. Mwendo wa 1x ni takriban MB 1.385 kwa sekunde. Ukichoma kwa 8x unahitaji kama MB 11 kila sekunde, na 16x inakaribia MB 22. Ndani ya draivu kuna bafa, hifadhi ndogo ya kupokelea data, na draivu nyingi zina bafa ya MB 2 tu. Piga hesabu: kwa 8x bafa hiyo inakauka ndani ya sehemu mbili hivi za kumi za sekunde. Kwa 16x haifiki hata sehemu moja ya kumi.

Sasa upande wa kusoma. Draivu iliyoandikwa 16x haisomi 16x muda wote. Inafikia mwendo huo ukingoni mwa diski tu. Karibu na katikati, ambako kila DVD inaanzia, iko chini ya nusu. Ikikutana na mkwaruzo inapunguza mzunguko, inarudia sekta (kipande kidogo cha data) ileile mara kadhaa, inajaribu tena. Sekunde nzima inaweza kupita bila hata baiti moja kutoka. Anayeandika anakufa njaa hapo.

Diski kuu haina tabia hizo. Hata ya zamani hutoa makumi ya MB kwa sekunde.

Kipimo_Sahihi

Naongezea historia kidogo kwa wasioikuta. Kwenye CD-R za miaka ya 1990 bafa ikikauka, diski imeharibika, hakuna mjadala. Watu walikuwa wakianza kuchoma hawagusi hata puku (kipanya cha kompyuta). Mwaka 2000 Sanyo walileta teknolojia waliyoiita BURN-Proof: draivu ikiona bafa inaishiwa inazima leza kwa utaratibu, inakumbuka ilipoishia, data ikirudi inaendelea kutoka palepale. Wengine wakatoa za kwao kwa majina tofauti, na DVD zikazikuta tayari.

Kwa hiyo hoja ya njaa ya bafa imepungua makali siku hizi. Haijaisha, maana kila kiungo ni mahali ambapo deki yenye macho hafifu inaweza kujikwaa, lakini sidhani ndiyo sababu kuu tena.

Leza_Nyekundu

Nakubaliana nawe. Ndiyo maana nilianza na draivu moja na mkupuo mmoja, bafa ikaja baadaye.

Bi_Kokotoo

Samahani kaka zangu, mimi nina draivu mbili na kwenye programu yangu kuna chaguo la kunakili moja kwa moja. Nikilitumia C haijai kabisa. Kwa hiyo si sheria ya maumbile jamani, inawezekana.

Leza_Nyekundu

Inawezekana dada, hujakosea. Hata zile mashine za kunakilia zenye draivu nyingi zilizopangwa kama kabati, baadhi hazina diski kuu kabisa. Zinasoma juu na kuandika chini papo hapo, kwa sababu kidhibiti chake hakina kazi nyingine yoyote.

Ila mimi ningekuwa na draivu mbili bado ningepitia diski kuu, na sababu si bafa. Ukinakili moja kwa moja, mkwaruzo uliopo dakika ya themanini utaujua ukifika dakika ya themanini, na wakati huo diski tupu si tupu tena. Ukisoma kwanza mpaka mwisho, kosa linajitokeza kabla hujapoteza chochote. Unaisafisha diski, unaisoma tena, hata kwa draivu nyingine. Kwenye mfumo wa Linux kuna programu ya ddrescue, inaweka kumbukumbu ya sekta zilizosomeka na zilizokataa, ukirudi inazifuata zile zilizokataa tu. Kwa sherehe ya familia isiyo na nakala nyingine, hiyo ndiyo njia yenyewe.

Halafu ukishachoma, faili lililoko kwenye diski kuu unalilinganisha na diski mpya, baiti kwa baiti. Na mtu wa tatu akitaka nakala, ile ya asili huigusi tena.

Sauti_ya_Jogoo

Sawa, hapo kwenye mkwaruzo nimekuelewa. Uvivu naufuta. Lakini RAM, ile memori ya kazi, je? Kompyuta yangu ina GB 16. DVD haifiki hata 5. Kwa nini isikae kwenye RAM?

Kipimo_Sahihi

Kwenye mashine yako inakaa, mkuu. Programu nyingi za kuchomea ziliandikwa wakati kompyuta ya kawaida ina MB 256 au 512 za RAM, na DVD ni mara nane ya hapo na zaidi. Utaratibu ukabaki.

Kama unatumia Linux, huenda tayari unafanya hivyo bila kujua. Mifumo kadhaa inaiweka /tmp, folda ya mafaili ya muda, ndani ya RAM, na kwa kawaida ukubwa wake wa juu ni nusu ya RAM yote. Mwenye GB 16 anapata 8, DVD ya tabaka moja inaingia vizuri. Mwenye GB 8 anapata 4, inamgomea, na anashangaa kwa sababu diski kuu yake ina mamia ya GB wazi. Dawa ni kuielekeza programu kwenye folda iliyo kwenye diski kuu yenyewe.

Umeme ukikatika cha kwenye RAM kimekwenda. Cha kwenye diski kuu unakikuta.

Chembe_Chembe

Elimu tupu hapa, asanteni. Nimehamisha picha, C sasa ina GB 5 na kidogo. Bado inagoma! DVD ikiwa ndani, Windows inaniambia imetumika GB 7.6. Nilidhani DVD ni GB 4.7?

Leza_Nyekundu

Yako ni ya tabaka mbili za data. Tabaka moja ni GB 4.7, mbili ni GB 8.5 kwa hesabu ya kiwandani, yaani GB moja ikiwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu GB kwa 1024 mara tatu, kwa hiyo DVD-R tupu ya 4.7, ambayo ni baiti 4,707,319,808, Windows inaionyesha kama 4.38. Ile ya 8.5 inaonekana kama 7.95 hivi. Yako ya 7.6 imekaa humo.

Sasa swali la msingi: diski tupu uliyonayo ni ya tabaka ngapi?

Chembe_Chembe

Imeandikwa 4.7.

Mtaa_wa_Pili

Aisee, sasa safari ndiyo imeanza.

Leza_Nyekundu

Una njia mbili. Tafuta diski tupu ya tabaka mbili unakili kama ilivyo, au uibane video iingie kwenye 4.7. Ukichagua kubana, jiandae, maana hapo ndipo nafasi ya muda inapoliwa kwelikweli.

Fikiria fundi cherehani aliyepewa kitambaa kifupi kuliko kipimo. Hawezi kuanza kukata mkono wa kushoto kabla hajajua mwili, kola na mkono wa kulia vitakula kiasi gani. Programu ya kubana iko hivyohivyo. Una GB 7.6, unataka 4.3, yaani kila kitu kishuke hadi kama asilimia 57. Lakini hakishushwi sawasawa. Sehemu ya watu wamekaa wanasikiliza hotuba inabanika sana bila jicho kuona. Sehemu ya watu wanacheza, taa zinawaka na kuzima, ukiibana vilevile inageuka vigae vigae. Kwa hiyo programu nzuri inapita video nzima mara ya kwanza ikipima tu, kisha inapita mara ya pili ikibana kwa vile vipimo. Mara mbili juu ya diski ileile ya plastiki ni mateso kwa draivu, kwa hiyo inaihamishia kwanza kwenye diski kuu.

Hesabu sasa. Ya asili: 7.6. Iliyobanwa: 4.3. Hapo ni 11.9. Kama programu yako ni ya wale wanaotengeneza kwanza folda ya VIDEO_TS (ya mafaili ya video ya DVD) halafu kutoka kwenye hiyo folda wanatengeneza faili la ISO (diski nzima ndani ya faili moja) ndipo wachome, ongeza 4.3 nyingine. Jumla 16.2. Ndiyo maana unaweza kukuta programu inadai GB 15 hadi 20 kwa diski ya 4.7 na mtu akadhani imechanganyikiwa.

Bi_Kokotoo

Lakini kaka, ikishabana kipande cha kwanza si ianze kukichoma huku ikibana cha pili? Mbona lazima ifike mwisho?

Leza_Nyekundu

Swali bora kuliko yote kwenye uzi huu, naomba niliweke vizuri.

Ukifungua folda ya VIDEO_TS utaona mafaili ya aina tatu. VOB ndiyo picha na sauti, yamekatwa vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja. IFO ni ramani: sura ya tatu inaanzia sekta ipi, menyu ikibonyezwa iruke wapi, lugha ziko ngapi. BUP ni nakala ya akiba ya IFO.

IFO inakaa mbele ya VOB zake. Yaani ramani inaandikwa kabla ya nchi. Ukibana video, kila sura inasogea, kila namba ya sekta ndani ya ramani inabadilika, na huwezi kujua sura ya mwisho imeangukia wapi mpaka umalize kubana. Hata ndani ya VOB zenyewe kuna pakiti za uelekezaji zinazoiambia deki, ukibonyeza kwenda mbele, irukie sekta gani. Nazo zinaangalia mbele.

Juu ya hapo kuna orodha ya mafaili ya diski nzima, nayo iko mwanzoni kabisa, inataja kila faili limeanzia wapi na lina ukubwa gani.

Diski inaandikwa kutoka ndani kwenda nje, mara moja, bila kurudi. Vitu vya mwanzo vinategemea vitu vya mwisho. Kwa hiyo lazima mwisho ujulikane kwanza, na mahali pekee ambapo mwisho unaweza kujulikana ni kwenye hifadhi inayokubali kurudi nyuma na kurekebisha. Kwangu mimi, ukiwa unabana, hili ndilo jibu hasa la "kwa nini". Hata ukipewa draivu kumi na RAM isiyoisha, hili halikwepeki. Utabadilisha tu mahali pa kuiweka hiyo nafasi ya muda.

Kipimo_Sahihi

Na kwa diski ya tabaka mbili kuna la ziada. Mahali leza inaporuka kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili hapachaguliwi ovyo. Tabaka la kwanza lisiwe fupi kuliko la pili, na ruko linatakiwa liangukie kwenye mpaka wa kipande cha video, si katikati ya sentensi ya mtu. Programu haiwezi kupapanga bila kujua jumla ya urefu wote.

Nyuzi_Nyuzi

Nauliza la pembeni. Nina VCD za zamani za kwaya. Nimetengeneza picha ya CD kwenye diski kuu, ikala MB 800 na ushee. CD yenyewe imeandikwa 700. Inakuwaje nakala ya muda ikawa kubwa kuliko diski?

Kipimo_Sahihi

Sekta ya CD ni baiti 2352. Kwenye CD ya data, 2048 tu ndizo za kwako, zilizobaki ni za utambulisho na kusahihisha makosa. VCD inatoa kafara sehemu ya usahihishaji ili video ipate baiti 2324 kwa sekta, maana picha ikikosea kidogo hakuna anayekufa. Ili kuinakili sawasawa programu inachukua sekta nzima, zote 2352. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000. Zidisha kwa 2048 upate karibu MB 737, hiyo ndiyo "700" yako kwa hesabu ya 1024. Zidisha kwa 2352, ni karibu MB 847. Hakuna kilichoongezeka, umebeba na maganda yake.

Na usiburute mafaili ya DAT (yale ya video ndani ya VCD) ukayachoma kama data ya kawaida. Deki nyingi za VCD hazitaitambua.

Sauti_ya_Jogoo

Na za kununua dukani? Nikiwa na nafasi ya kutosha zinanakilika?

Leza_Nyekundu

Hapo nafasi si tatizo. DVD nyingi za filamu zimefungwa kwa CSS, mfumo wa usimbaji uliokuja mwaka 1996, na sehemu ya funguo zake inakaa kwenye eneo la utangulizi ambalo diski tupu za kawaida haziruhusu kuandikwa. Unaweza kuhamisha kila sekta na bado ukapata diski isiyocheza. Kuna na suala la haki za mwenye kazi. Uzi huu ni wa video zenu wenyewe, tubaki hapo.

Chembe_Chembe

Nimeamua kutafuta diski ya tabaka mbili, sitaki kubana sherehe. Nafasi ya muda naweza kuiweka kwenye flashi ya GB 32? Iko tupu kabisa.

Mtaa_wa_Pili

GB 32 si inatosha mara nne mkuu, weka.

Kipimo_Sahihi

Angalia kwanza imefomatiwa vipi. Flashi nyingi za ukubwa huo zinakuja na FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haikubali faili moja kufikia GB 4. ISO yako ni faili moja la 7.6. Itasoma vizuri mpaka ifike karibu na 4 halafu ikwambie diski imejaa, na wewe unaona zaidi ya GB 20 ziko wazi. Kuna programu zinazokata ISO vipande kuikwepa hali hiyo, lakini usiitegemee. Ifomati kwa exFAT au NTFS. Kufomati kunafuta vyote, kwa hiyo hakikisha kweli ni tupu.

Na flashi nyingi za bei ya chini zinaandika taratibu. Kusoma diski kutachukua muda mrefu kuliko ulivyozoea, haidhuru. Wakati wa kuchoma ndiyo itabidi isome haraka, na kusoma flashi huwa ziko afadhali. Punguza mwendo wa kuchoma hadi 4x, kama MB 5.5 kwa sekunde, flashi karibu yoyote inaweza.

Bi_Kokotoo

Na kwenye mipangilio ya programu tafuta panapoitwa folda ya muda, uielekeze huko kwenye flashi. Ukifomati bila kubadilisha hapo, itaendelea kukimbilia C.

Chembe_Chembe

Nimefomati exFAT, nimebadilisha folda. Imeanza kusoma, iko asilimia 31. Kumbe kule kwenye folda ya zamani ya C kuna faili la GB 3 la tarehe ya nyuma, jina lina herufi za ajabu ajabu. Ni la nini?

Leza_Nyekundu

Hilo ni la jaribio lililogoma. Programu ikimaliza salama inajifutia, ikikatishwa njiani inaacha mzoga wake hapo. Subiri hii ya sasa iishe na uifunge programu, ndipo ulifute.

Mtaa_wa_Pili

Kwa hiyo nusu ya nafasi uliyokuwa unaitafuta ilikuwa imeshikwa na jaribio lako mwenyewe 😂

Chembe_Chembe

😂😂 Asilimia 58. Haijalalamika mkwaruzo wowote mpaka sasa.

Leza_Nyekundu

Ikifika 100 itatoa diski yenyewe na kukuomba tupu. Kabla hujakubali, weka tiki kwenye kuhakiki baada ya kuchoma, na uondoe tiki kwenye kufuta faili la muda kama ipo. ISO hiyo ibaki kwenye flashi mpaka dada aicheze kwenye deki yake.